Kojo la Ng'ombe na Ukuta wa Mahurunga

Ukiulizia Bernardino pale Mahurunga, watu wanakutolea macho tu. Sema Kojo la Ng'ombe, unapelekwa mpaka mlangoni. Alijiponza mwenyewe. Mwaka 1968, dukani kwa Abdulrasul kule Mikindani, ukutani kulikuwa na kalenda yenye mchoro wa Kiholanzi: kijiji, tope, akina mama wameinama na ndoo. Jamaa akapayuka, duka zima likageuka: "Bosi! Huyu mchoraji hadanganyi! Ng'ombe wake anakojoa!"

Basi, imeisha hiyo, jina likamganda. Abdulrasul alicheka mpaka akampa ile kalenda bure.

Ila moyoni jamaa alikuwa anaungua. Alivuka Ruvuma akikimbia vita ya Mreno kule Msumbiji, mkewe Carlota akapotelea ng'ambo. Kila anayevuka alimuuliza; hakuna anayemjua. Sasa akapata akili: achore kijiji chao kama kilivyo, bila kuremba, aliyepita kule akitambue. Kwa mkaa, chokaa na udongo mwekundu akajaza ukuta wa nyumba yake: ghala lililoinama, mbuzi mwenye upele, Carlota akitwanga.

Siku moja mama aitwaye Esperanca, kavuka asubuhi hiyohiyo, akaganda mbele ya ukuta.

"Hapa napajua! Nimelala chini ya ghala hili. Tulikuwa wanawake wengi. Wengine Wareno waliwachukua, wengine niliwaacha msituni, wazima. Wako yupi?"

"Huyo anayetwanga!"

"Sasa kaka, umenichorea mgongo! Mgongo nani anaujua? Nichoree chale zake za usoni."

Kwenye kalenda wote walikuwa wamegeuza migongo, naye kaiga hivyohivyo. Mmakonde mzima! Wakati kila mama wa kwao anajulikana kwa chale zake.

"Kojo, angekuwa ng'ombe ungemkumbuka!" jirani yake Selemani akachomekea.

Bernardino akashika mkaa. Za kwenye paji zikatoka. Kufika mashavuni, mkono ukagoma. Pembe tatu? Ngazi? Akachora, akafuta kwa kiganja, akachora tena.

"Huyo sijamwona," Esperanca akasema. Bernardino akafuta, akachora mwingine. "Huyo pia, hapana."

Lori la kupeleka wakimbizi kambini likapiga honi. Esperanca akapanda huku anageuka nyuma. Bernardino akabaki anasugua ukuta, uso wa Carlota umekuwa doa jeusi, anajiuliza kwa sauti, "Ngazi? Ngazi, au?"

Nyie wa Nanyamba, wa Chuno, wenye bibi wa chale: mkifumba macho mnaweza kuzichora? Na bibi zenu walivukaje Ruvuma? Hebu tusimulieni hapo chini.