Yasini ya Lori

Hadi leo nikisikia Yasini inasomwa matangani, pua yangu hunusa petroli. Msinicheke, ngojeni kwanza niwasimulie.

Enzi za Mwingereza tulikaa Mahege, na Mjomba Salumu, kaka yake mama, alikuwa dereva wa lori la Mzee Kanji mwenye duka. Lori lilikuwa likilala uani kwetu kwa kuwa mjomba naye alilala kwetu. Lilikuwa kuukuu, na asubuhi za kipupwe, umande ukidondoka kutoka kwenye makuti, lilikuwa gumu kuamka kuliko hata mimi. Mjomba aliondoka alfajiri nikiwa bado nimejikunyata ndani ya khanga, kwa hiyo sikuwahi kumwona akilipasha moto. Mama ndiye aliyeamka kumchemshia chai.

Nilikuwa na miaka saba hivi mama aliposhikwa na uchungu. Baba alikuwa Utete. Bibi mzaa baba alikuwa amekuja na shangazi zangu wawili kumwangalia. Uchungu ulianza adhuhuri, na kulipopambazuka siku ya pili mtoto alikuwa hajatoka, na mama hana sauti tena. Mkunga akatoka nje akifuta mikono.

"Mimi nimefika mwisho," akasema. "Mpelekeni kwa dresa wa zahanati ya Kibiti, na upesi."

Mjomba akapiga hendeli. Lori likakohoa, likazima. Akapiga tena, mishipa ya shingo imemtoka, hadi likashika na kuanza kutetemeka huku likitoa moshi mweupe. Lakini hakupanda. Aliweka kiganja juu ya boneti, akafumba macho, akaanza kusoma Yasini.

Kwetu Yasini husomewa mtu anayekata roho. Hata mimi, na utoto wangu, nililijua hilo.

"Salumu!" Bibi alimaka. "Wamsomea mwenzio Yasini na roho ingalimo? Ondoa gari!"

Mjomba aliinua mkono kumnyamazisha, akaendelea. Hakuwa mtu wa kukatiza Kurani kwa maneno ya dunia, hata nyumba ingewaka moto. Shangazi mmoja akaangua kilio, wa pili akampokea. Nilimchukia mjomba asubuhi ile, nasema kweli. Ningekuwa na nguvu ningemsukuma mwenyewe hadi kwenye usukani.

Nikakimbilia chumbani. Sikutaka mama asikie anasomewa. Nikapanda kitandani, nikamziba masikio kwa viganja vyangu viwili, nikakaza. Akanitoa mkono. Nikaurudisha. Akanitoa tena, kwa nguvu ambazo sikujua kama anazo, akageuza uso kuelekea dirishani. Nikadhani amekubali kufa, nikalia hadi nikakwama pumzi.

Kisomo kikaisha. "Mleteni," mjomba akaita, "limeshapata moto."

Tulimlaza mama nyuma ya lori, juu ya godoro. Kwenye mchanga mzito lori liliyumba, likanguruma, tukashika roho mkononi, lakini halikuzima. Mdogo wangu alizaliwa Kibiti kabla jua halijawa kali, akipiga kelele kuliko lori lenyewe.

Mjomba hakujieleza, na bibi hakumsemesha hadi arubaini ilipopita. Mimi nilimnunia kwa miaka. Mama ndiye aliyenieleza, siku moja nikiwa nami nimeshazaa. Kumbe mjomba hakuwa na saa. Kipupwe kimoja aliliondoa lori na baridi yake, likamzimikia kwenye mchanga uleule, akalala njiani siku mbili. Tangu hapo alilipimia muda kwa sura aliyoihifadhi vizuri kuliko zote: Yasini moja, ndipo aondoke.

"Kila alfajiri nilikuwa naisikia nikimchemshia chai," mama alisema. "Siku ile ninyi mnalia, mimi nahesabu. Najiambia, usife, Mwanaidi, zimebaki aya kumi gari liondoke. Halafu ukaja wewe ukaniziba masikio, nikapotewa na hesabu."