Niliposema Malaria

Karani wa dirishani aliuliza kwa sauti, "Anaumwa nini?" Nyuma yangu alisimama mama mwenyekiti wa jumuiya yetu ya sala. Mwanangu alikuwa anatetemeka kwa arosto, siku yake ya pili bila heroini. Nikasukuma kadi ya bima, nikasema, "Malaria." Hapa Ifakara hakuna anayeuliza zaidi.

Akatolewa damu, tukasubiri majibu. Hana malaria. Nikaingia peke yangu kwa daktari, nikamnong'oneza ukweli.

"Mama, hata uraibu bima inalipia. Ungesema tangu asubuhi," alisema, akiandika rufaa ya kliniki ya waraibu, Morogoro.

Nikakimbia nayo nje. Kwenye benchi nilipomwacha mwanangu palibaki pamba yenye damu tu.

"Ametoka mbio," mwenyekiti alisema. "Imempanda kichwani?"

Nikajibu, "Ndiyo. Malaria."