Laini Mbili za Kusini

Siku yangu ya kwanza kazini nilipanda ngazi za ofisi ya simu ya Mji Mkongwe na buibui jipya. Mapinduzi yalikuwa bado ya juzi, na wengi waliokuwa wakishika mitambo walikuwa wameshaondoka. Msimamizi wa Zamu, Bi Zuwena, alinivisha visikizio, akanionesha ubao wenye matundu na kamba za plagi.

"Taa ikiwaka, mtu anakuita. Chomeka, muulize anamtaka nani, muunganishe. Maneno yao si yako."

Kwenda Kusini mwa kisiwa tulikuwa na laini mbili, kila moja ikipita njia yake. Kila laini ilikuwa na jozi tatu za waya, yaani mazungumzo matatu kwa wakati mmoja. Ya kwanza ilifuata barabara kuu, nasi tuliijaza kutwa, watu wakingoja zamu. Ya pili, iliyokata mashambani, haikuguswa. Mkuu wa Mitambo, mtu mrefu wa sauti ya chini, alikuwa ameagiza iachwe kwa siku ya dharura.

Siku hiyo ilifika mchana mmoja wa masika. Mnazi uliangukia laini ya kwanza. Nikahamisha plagi kwenye ya pili: kimya. Nikajaribu jozi zote. Kimya. Waya ulikuwa umekatika huko mashambani, na hakuna aliyejua tangu lini.

Saa ile mkunga wa Bwejuu, kijiji cha huko Kusini, alikuwa na mwanamke aliyeshikwa na uchungu, mtoto amekaa vibaya tumboni, naye akipiga simu kutafuta gari ya hospitali. Hakutupata. Mume alipanda baskeli mpaka alipopata lori. Mama alipona. Mtoto hakupona.

Baada ya siku chache yule mume, Bwana Makame, alikuja ofisini. Hakugomba.

"Bibi, mlikuwa mnajua kama waya umekatika?"

"Hatukujua."

"Mbona hamkujua?"

Akaaga, akenda zake.

Nikenda moja kwa moja kwa Mkuu wa Mitambo.

"Bwana Mkuu, tugawe simu. Moja huku, moja kule, kutwa nzima. Laini ikiharibika tutajua saa ile ile."

"Akiba ni akiba, Bi Asha. Ukiitumia itakuwa akiba tena?"

"Na siku ile ilikuwepo?"

Alinitazama mpaka nikaona kazi nshaikosa. "Nshakwambia, hapana."

Sikuacha. Kila asubuhi, kabla ya zamu, nilimpigia opereta mwenzangu wa Kusini kwa kila jozi ya akiba, nikaandika kwenye daftari: safi, mkwaruzo, kimya. Kila ilipokuwa kimya nilimwomba fundi wa laini aende. Miezi ilipopita nikaliweka daftari mezani kwa Mkuu. Laini ya akiba ilikuwa imekufa mara nne. Alilisoma lote, hakuruka ukurasa.

"Jaribuni," akasema.

Mwanzoni wenzangu walinilaumu, maana jozi za mashambani zilikuwa na mkwaruzo na wakubwa waliopiga simu walikuwa wakitugombeza. Mafundi wakenda kubadilisha vikombe vya kaure vilivyopasuka, vile vinavyoshikilia waya juu ya nguzo. Sauti ikasafika, kungoja kukapungua. Tukajifunza na jengine: laini zote mbili zikijaa, moja ikikatika, ya pili haina pa kuupokea mzigo wa mwenzake. Basi tukabakisha jozi moja wazi kwa kila laini, agombe atakayegomba.

Masika mengine laini ya barabarani ikakatika tena. Taa ya Kusini ikawaka kwenye laini ya mashambani.

"Mjini! Hapa Bwejuu, nnataka gari ya hospitali, mzazi anatokwa na damu!"

Nilimuunganisha hata pumzi hajavuta. Mkuu wa Mitambo alikuwa kasimama nyuma yangu. Alasiri mkunga akapiga tena: mama mzima, mtoto mzima. Nilicheka, kisha nikamkumbuka Bwana Makame, nikalia pale pale na visikizio kichwani.

"Andika utaratibu wako," Mkuu akaniambia. "Nitautia saini uwe amri ya ofisi."

Sasa nimestaafu. Vijana wa simu wananambia mashine zao hugawa njia zenyewe, nami nafurahi. Watu hudhani kazi yangu ilikuwa kuunganisha wanaozungumza. Sehemu kubwa ilikuwa kuuita waya usio na mtu, na kungoja uitikie. Niliuita kila asubuhi mpaka siku yangu ya mwisho, na asubuhi ambayo haukuitika, fundi alikuwa njiani kabla ya taa ya kwanza kuwaka.