Lenzi Tatu, Picha Moja

Baba alikufa kabla sijajua kutembea, akaacha picha moja: kundi la watu mbele ya banda la kununulia majani chai karibu na Kiptere, siku lilipofunguliwa. Nyuso zao ni ndogo kama punje za wimbi. Utotoni sikuuliza yupi ni yeye, maana kumuuliza mama habari za marehemu ilikuwa kumtonesha kidonda. Sasa macho yake yalikuwa yanazimika, na hakuna mwingine aliyebaki wa kunionyesha. Niliogopa, nami nikiogopa huwa mkali.

Kukuza picha kwa simu kulileta ukungu, kwa hiyo nikaenda Sotik kutafuta lenzi. Ya kwanza niliichagua pana kama sahani, kwani sisi wakulima tunaamini kikubwa ndicho chenye nguvu. Kumbe ilikuza kidogo tu. Fundi wa saa akaniuzia ya pili, ndogo zaidi, yenye mkono. Kisha ya tatu, ya kukunja, sawa na kifungo cha koti. Hiyo unaibandika jichoni na kuileta picha hadi ikaribie kugusa pua.

Hiyo ya tatu ilinionyesha shavu la mtu mmoja. Nikasogea, shavu likageuka chembe nyeusi na nyeupe. Lenzi hukuza kilichopo. Isichokinasa kamera, lenzi haiwezi kukizaa. Nilitaka kuitupa shambani.

Mama akaichukua, akaijaribu. "Lete ile pana," akasema. "Hii yako inanipea madoadoa tu. Wacha nione watu wote pamoja."

Akaipandisha na kuishusha juu ya picha mpaka ikatulia. Hakumtafuta baba. Alimtafuta mama yake mzazi, akamjua kwa kitambaa cheupe cha kichwa, katikati ya wanawake.

"Huyu ni kogo yako. Sasa angalia mbali kabisa na yeye. Baba yako hangesimama karibu na mama mkwe, hata kama ni kwa picha."

Kidole chake kikavuka kundi lote hadi ukingoni, kwa mtu mrefu aliyejitenga na wenzake. Nikachukua lenzi yenye mkono, nikamwinamia.

"Umemwona?" mama akauliza.

"Nimemwona, mama," nikajibu.

Kwa heshima ya mkwewe, baba alikuwa ameipa kamera kisogo.