Mamba wa Drapo

Kofia nzuri za Uvira zilitoka mkononi mwa Feza. Usibishane nami. Nilikuwa wifi yake, tulikaa lupango moja, yaani ua mmoja, na aliyesema za Usumbura zinazidi sikumpa hata maji ya kunywa.

Mwaka wa hamsini na sita, komanda wa kambi alimwita mume wa Feza, kaka yangu Tambwe, fundi cherehani, akamchorea drapo, yaani bendera, ya kikosi: kitambaa cha buluu ndiyo ziwa, mkuki uliosimama ndiyo askari, na chini yake mamba, mdomo wazi, ulimi mwekundu. Mamba ndiyo nguvu yetu, alisema. Tambwe akaitikia ndiyo Bwana. Angesema nini? Siku zile kumkatalia muzungu wa jeshi ni kujitafutia fimbo. Lakini mnyama alihitaji sindano ya mkono, yaani mkono wa Feza.

Sasa, Bahati, mtoto wao wa pekee, alikuwa amechukuliwa na mamba pale wanawake wanapofulia. Tangu hapo jina la mnyama yule halikutajwa kwetu. Tulisema "mwenye maji", basi.

Feza aliuona mchoro, akaenda kukaa jikoni. Moto haukuwashwa. Tambwe akanisihi niseme naye, maana drapo isipokuwa tayari siku ya gwaride, atafungwa yeye. Nilimtukana kaka yangu vya kutosha, kisha nikaenda. Hasira ni hasara.

Asubuhi Feza alichukua sindano. Alishona gamba kwa gamba, machozi yakianguka juu ya buluu ile, mimi nikimtwangia muhogo wake. Alipofika kichwani, aliufunga mdomo wa mnyama kabisa, uzi juu ya uzi. Ulimi hakuushona.

Tambwe aliipeleka drapo kambini. Komanda aliitazama sana, akacheka, akasema hii ni bora, mamba aliyefunga mdomo ndiye anayevizia. Siku ya gwaride akawaambia askari maneno yale yale. Roho iliniuma. Nilitaka kwenda kumwambia kwamba hakuelewa kitu.

Feza alinishika mkono. Drapo ilikuwa inapita mbele yetu.

"Umwache, wifi," alisema. "Weye angalia tu. Mamba ile iko na mudomo wa kufungwa. Haitakula tena mutoto wa muntu."

Tangu Bahati aondoke, sikuwa nimemsikia akilitaja jina la mnyama yule.