Gauni la Kusimama Kando ya Mheshimiwa

Mama yangu ni fundi cherehani, na akiwa kazini mdomo wake umejaa pini. Anazibana kwa midomo, vichwa nje, ncha ndani, anazichomoa moja moja kadiri mshono unavyozitaka. Ndivyo nilivyomkuta tangu utotoni. Kwa sababu hiyo mambo mengi ya nyumbani kwetu yaliamuliwa na watu wengine wakati yeye hawezi kujibu. Ndugu wa marehemu baba wanalijua hilo vizuri, hasa baba mdogo. Akiwa na jambo lake, husubiri Mama ainamie pindo la mtu, ndipo aanze kuongea.

Mwaka ule wa uchaguzi nilikuwa nimerudi nyumbani na mkoba mmoja. Mume wangu alikuwa akitembea na mpangaji wetu wa chumba cha uani, bila hata kujificha, na nilipomuuliza alinisokota mkono mpaka bega likalia. Habari ya mpangaji nilimweleza Mama. Habari ya bega sikuisema. Niliona aibu, sijui aibu ya nini, kana kwamba mimi ndiye niliyesokota mtu.

"Wanaume ndivyo walivyo, mwanangu," Mama alisema. "Pumzika, kisha urudi kwako."

Baba mdogo akapanga siku bila kuniuliza. Jumamosi, akitoka kwenye mambo yake ya chama, angenirudisha kwa mume wangu yeye mwenyewe. Mama akanunua kitambaa cha kijani anishonee gauni la kurudia. Siku ya kunipima aliniambia niinue mikono, wa kulia ukagoma kifuani. Nikamwambia niliulalia vibaya. Aliongeza nafasi ya kitambaa kwapani, akaendelea na kiuno.

Hayo mambo ya chama yalikuwa hivi. Baba mdogo ni mjumbe, na wajumbe ndio waliokuwa wanapiga kura za mchujo kumpata mgombea urais. Kura zilishapigwa mara moja, zikageuka kioja. Kambi ya Mheshimiwa, mgombea wa baba mdogo, ilitangaza ushindi kabla masanduku hayajafunguliwa yote, kambi ya mpinzani wake nayo ikatangaza ushindi wake, na watu wazima wenye vitambi na tai wakarushiana viti mbele ya kamera. Ikaamuliwa kura irudiwe Jumamosi. Katikati ya kelele hizo, katibu muhtasari wa Mheshimiwa akajitokeza redioni. Akaeleza, sauti ikimkatika, jinsi bosi wake alivyofunga mlango wa ofisi kwa ufunguo na alichomfanyia humo ndani, na jinsi alivyofukuzwa kazi alipokataa kunyamaza.

Tuliisikiliza habari hiyo pale kwenye kibanda chetu cha kushonea, cherehani zikiwa zimesimama. Nilidhani mtaa mzima utachukia. Wapi! Muuza vitambaa wa duka la mbele alivuka barabara na kikombe chake cha chai, akaegemea mlango.

"Kwa nini hakusema siku ile ile?" akauliza. "Huyo katumwa."

Mteja mmoja, mama wa heshima zake aliyekuja kuchukua sketi, akadakia, "Halafu sisi tunatafuta rais, hatutafuti mkwe."

Wakacheka. Eti hatutafuti mkwe! Na wa kambi ya pili hawakuwa afadhali. Wale walishangilia kama timu yao imepewa penalti. Siku nzima walipita wakipiga honi, wakitaja jina la yule binti kwa furaha, na sikumsikia hata mmoja akiuliza sasa analala wapi wala anakula nini. Ilikuwa kama kutazama watu wakigombea sahani ambayo mtu katapikia.

Siku ya pili yake baba mdogo akaja, akangoja Mama ajaze pini mdomoni.

"Shemeji, nimekuletea kazi ya heshima," akasema. "Mke wa Mheshimiwa atapanda jukwaani Jumamosi kabla ya kura, amtetee mumewe. Anahitaji gauni. Fundi wake wa siku zote ana domo, atatangaza kila kitu. Nikawaambia shemeji yangu mimi hana mdomo."

Alisema hivyo kama sifa. Akaendelea na maagizo aliyopewa: rangi ya maziwa, mikono mirefu, aonekane mama wa nyumbani, asionekane tajiri, wala asionekane ana huzuni.

Mama akachomoa pini mbili, akapata upenyo wa kusema, "Hilo la huzuni nalishonaje?"

"Wewe shona tu, shemeji. Mambo haya yatapita. Nyumba ni kusitiriana. Hata huyu," akaninyooshea kidole, "akirudi kwake, yataisha. Umeona wakubwa wanavyomaliza mambo yao?"

Mtu yule yule, pumzi ile ile, ananiuza mimi na kumwosha Mheshimiwa. Nikaenda nje kumwaga maji ambayo hayakuwa machafu.

Mke wa Mheshimiwa alikuja mchana, na msichana wa kampeni aliyebaki nje akijibu simu. Nilitarajia mwanamke wa makuu. Alikuwa mpole, mwembamba kuliko kwenye picha, na alinisalimia vizuri. Mama akamsimamisha mbele ya kioo, mimi nikashika kopo la pini.

"Inua mikono, mama," Mama akamwambia.

Wa kushoto ukapanda. Wa kulia ukafika kifuani, ukagoma.

"Niliulalia vibaya," mke wa Mheshimiwa akasema.

Mkono wa Mama ulisimama na utepe wake. Hakumtazama yule mwanamke. Alinitazama mimi, begani, kisha usoni, na mimi nikatazama kopo la pini kwa sababu sikuwa na pengine pa kutazama. Kisha akaendelea kupima.

"Mikono iwe mirefu kweli," mke wa Mheshimiwa akasema taratibu. "Na hapa kwapani unipe nafasi. Wanataka niwapungie watu." Akajitazama kwenye kioo, akainua mkono wa kushoto, akatabasamu, akaliondoa lile tabasamu, akalirudisha tena, kama mtu anayejaribu kiatu dukani. "Nitapunga huu. Nadhani hawataona."

"Hawataona," Mama akasema.

Alipoondoka, Mama hakuniuliza kitu, na mimi sikumwambia. Alishona magauni yote mawili, la maziwa na la kijani, akakanyaga cherehani kama mtu anayefukuzwa. La maziwa nililipiga pasi mimi mwenyewe. Lilikuwa gauni zuri, na kila nilipolipitisha pasi nililichukia.

Jumamosi televisheni ya muuza vitambaa ilihamishiwa kwenye kibanda chetu, maana kwetu kuna kivuli. Watu wakajaa mlangoni. Mheshimiwa akapanda jukwaani, uso mkavu, anang'aa kama kapakwa mafuta. Mkewe akapanda nyuma yake na gauni letu. Lilimkaa vizuri mno. Akashika kipaza sauti akasema ameishi na mume wake miaka mingi na anamjua kuliko mtu mwingine yeyote. Ukumbi ukalipuka kwa makofi. Akainua mkono wa kushoto, akapunga, akatabasamu lile tabasamu alilolijaribu kwenye kioo chetu.

"Huyo ndiye mke!" muuza vitambaa akasema. "Angalieni anavyopunga kistaarabu."

Yule mama wa sketi alikuwa anafuta machozi. Machozi ya kweli! Mimi nilikuwa nimeuma meno. Kura zikapigwa, zikahesabiwa, Mheshimiwa akashinda kwa kishindo. Mpinzani wake alisimama akakubali matokeo, akamkumbatia mbele ya kamera, na waliokuwa wakipiga honi juzi wakakunja bendera zao. Habari ya katibu muhtasari ikaisha hapo, kama redio iliyozimwa.

Baba mdogo alifika jioni, kofia ya chama bado kichwani, amechangamka. Mama alikuwa ameinamia pindo la suruali, pini mdomoni. Baba mdogo hakusubiri hata salamu.

"Haya, binti, vaa gauni lako twende. Mumeo yuko nyumbani anakungoja, nimemaliza naye kila kitu. Umemwona mke wa Mheshimiwa leo? Jifunze pale."

Nilisimama. Ukweli ni kwamba ningekwenda. Sikuwa na pa kwenda pengine, na gauni lilikuwa limetundikwa pale ukutani, limepigwa pasi.

Mama akaweka kiganja chini ya kidevu, akazitema pini zote kwa mpigo. Sijawahi kumwona akifanya hivyo. Akazimwaga mezani.

"Harudi," akasema.

"Unasemaje, shemeji?"

"Nimesema mwanangu harudi kule."

"Nimeshampa mwenzangu neno langu!"

"Basi kamwambie umelirudisha." Mama aliinuka. "Yule mwanamke mnayemsifu amepunga mkono wa kushoto kwa sababu wa kulia hauinuki. Nimempima mimi. Na wa huyu pia hauinuki, nimempima mimi, mtoto wa tumbo langu. Nikaongeza kitambaa kwapani ili apate kuvaa akarudi kule kule. Nanuka, shemeji. Najisikia harufu mwenyewe."

Muuza vitambaa alisikia kila neno, wala usifikiri hakusikia, kwa maana alinyoosha mkono akaongeza sauti ya televisheni. Yule mama wa sketi akakumbuka ana chungu jikoni.

"Mambo ya ndani hayo," baba mdogo akanong'ona. "Watu wanasikiliza."

"Wasikilize."

Baba mdogo akasema jambo hilo tutalimaliza kwenye kikao cha ukoo. Mama akamwambia atakuja kwenye kikao hicho, na atakuja bila pini. Baba mdogo akavua kofia, akaivaa tena, akaondoka.

Watu walipotawanyika, Mama aliniita karibu, akanishika bega kwa vidole viwili kama anavyoshika hariri. "Hapa?" akauliza. Nikasema hapo. Akalia kidogo, nami nikalia. Kisha akalishusha gauni la kijani kutoka ukutani, akachukua mkasi mkubwa, akaukata mkono wa kulia kuanzia kwapani. Alijaza vipande vya nguo ndani ya ule mkono, akaushona huku na huku mpaka ukawa mto mdogo, mgumu, wa kijani.

Akauweka mezani kando ya cherehani, akaokota pini moja moja, akazichomeka humo.