Randa Kwenye Kabati la Kartoni

Nilikuwa seremala mtaa wa Ndosho, mjini Goma, kwa miaka mingi, na unyenyekevu sikuujua. Mteja akilia bei, nilimwambia akalale chini. Kisha makabati ya kiwandani yakaanza kuingia mjini yakiwa vipande ndani ya kartoni, mepesi, yanang'aa, na watu wakaacha kuja kwangu. Karakana ilikaa miezi bila kazi. Maji yaliponifika shingoni, nikaenda kuomba kazi kwenye mojawapo ya maduka yale yale yaliyonimaliza.

Mama mwenye duka aliitazama mikono yangu, akanipa siku moja ya kujaribiwa: niunge kabati la milango mitatu nyumbani kwa mteja, mtaa wa Kyeshero.

"Nitakuya saa sita kuangalia," akasema. "Ikiwa muzuri, uko na kazi. Ikiwa mubaya, rudia kwako."

Saa tano na nusu kabati lilikuwa limesimama, ila mlango wa katikati ulikwama. Kosa lilikuwa la sakafu. Goma tunajenga juu ya mawe ya volkano, na kila mwashi huapa kwamba sakafu yake imenyooka. Leo najua kwamba bawaba za kiwandani zina skrubu ndogo. Unaikaza, mlango unapanda. Siku ile mikono haikuniuliza. Maisha yangu yote mlango ukikwama hupigwa randa, na mazoea yana taabu. Nikatoa randa kwenye mfuko wa vyombo, nikaipitisha ukingoni mara moja tu.

Hayakutoka maranda. Ngozi nyeupe ya juu ilichanika hadi katikati ya mlango, na ndani ukamwagika unga. Nikapanga kusema kwamba mlango ulikuja hivyo kutoka kiwandani, nani angejua? Nilikuwa nimepiga magoti nikizoa ule unga kwa kiganja, niufiche mfukoni kama mwizi, walipoingia mama mwenye duka na mama mwenye nyumba.

"Ni nani alikwangua hapa?" akauliza mama mwenye duka.

Uongo ulikuwa tayari mdomoni, ukakataa kutoka.

"Ni miye, mama. Mulango ilikuwa inakwama."

Mama mwenye nyumba aliinama, akagusa. "Kumbe ndani ni bunga?" Akanigeukia. "Papa, uko menuisier, fundi wa mbao? Unaweza kunitengenezea kabati ya mbao?"

Kabla sijajibu, mama mwenye duka alimwahidi mlango mwingine kesho yake, akanivuta barazani. Nilisubiri kufukuzwa, na kwa kweli nilitamani anifukuze, nirudi kwenye mbao zangu.

"Ingine yote ulifunga muzuri," akasema kwa sauti ya chini. "Kesho saa moja uko ku duka. Lakini mu nyumba za batu, usiseme hata kidogo kama uko menuisier."

Hasira ilinipanda mpaka macho yakaniwasha. Mama mwenye nyumba alikuwa ametufuata mlangoni, akarudia swali lake.

"Hapana, mama," nikamjibu. "Miye niko mutu ya kufunga makabati ya kartoni tu."